Magari tisa, watoto kumi na sita na bibi mmoja: Engaruka kwenda na kurudi

Alhamisi usiku

Kikao cha safari ya klabu yetu ya magari tumefanyia kwetu sebuleni, madereva tisa, chupa tatu za chai ya tangawizi na ramani imetandazwa kwenye zulia maana meza haikutosha. Jumamosi tunaenda Engaruka, kwenye magofu ya zamani ya mawe, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Watoto wamefunga shule likizo ya Juni kwa hiyo hii ni safari ya familia, na kiongozi wa msafara kalisema hilo mapema kabisa, kwamba mwendo utapangwa na mtoto mdogo kuliko wote na gari lenye nguvu litasubiri. Mtoto mdogo kuliko wote ana miezi minane. Basi hapo hapo ratiba ikabadilika, vituo vya kuchimba dawa vikaongezeka kutoka viwili hadi vinne, na vijana waliokuwa wanataka tuunganishe mpaka Ziwa Natron wakaelewa wenyewe. Natron na watoto kwa siku moja ni kuwatesa, watakumbuka vumbi tu.

Tangu lile tamasha la Land Rover hapa Arusha Oktoba 2024 watu wengi wamerudisha mapenzi na haya magari, mtu alikuwa na gari la marehemu baba yake limelala uani miaka na miaka juu ya matofali sasa kalifufua, na klabu yetu imepata familia nne mpya. Mi nafurahi sana. Ndo maana lakini tulikaa mpaka saa 4 usiku tunaongelea usalama, kuna wenzetu hawajawahi kutoka nje ya lami wakiwa na watoto nyuma na wana haki ya kuuliza kila kitu.

Sisi tumepewa gari la mwisho. Baba watoto atakaa na redio, kompresa, kamba mbili za kuvutia, sepetu na sanduku la spana, mimi nashika usukani wa Land Rover 110 yetu ya mwaka 1996. Gari la mwisho halipiti mtu hata iweje, yeyote akisimama na wewe unasimama nae.

Halafu tukapata abiria mpya. Mama mkwe yuko kwetu tangu Pasaka, ana miaka 71, kwao ni Kainam kule Mbulu, kakaa kwenye kochi kikao chote kimya anasikiliza, watu walipoanza kuaga akauliza, "Hiyo Engaruka ndo kule kwenye mawe?" Nikamwambia ndio mama. Akasema, "Basi na mimi naenda." Tukatazamana na baba watoto. Mgongo wake unamsumbua na 110 inarusha jamani, kila mtu anajua, lakini alivyolisema hakukuwa na mjadala.

Ijumaa

Siku nzima ni maandalizi. Asubuhi gari kwa fundi, nimemwomba aangalie bushi za mbele, shokabu, mkanda wa alteneta na breki, oili tumeshamwaga wiki iliyopita. Ea klina kaipuliza nikamwambia atoe kabisa aweke mpya, barabara ya Engaruka ina vumbi laini kama unga wa sembe, linaingia popote.

Siti ya mama tumeipanga vizuri, ni ile ya mbele kushoto, mto mmoja mgongoni, mwingine chini, na kigoda kidogo cha kupandia maana 110 iko juu. Baba watoto atahamia nyuma na watoto. Naandika hivi nikijua kuna wazazi huwa wanaachwa nyumbani kwa sababu gari ni refu, na dawa yake ni kigoda cha mbao tu.

Jioni jikoni: chapati ishirini na tano, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, kuku wa kukaanga, parachichi, na makande kwenye hotipoti kubwa kwa sababu mama hali kuku. Maji ya kunywa lita 40 na ya kunawa lita 20 kwenye dumu tofauti lenye alama nyekundu. Mifuko ya kutapikia, malimao, dawa ya mafua, plasta, shuka mbili. Binti yangu wa miaka 11 kaandika orodha yote kwenye daftari anaweka vema kila kikipakiwa, mdogo wake wa miaka 6 kaweka mpira na gari lake la mabati. Saa 3 wote kitandani.

Jumamosi

Saa 11 alfajiri taa zinawaka, baridi ya Juni ya Arusha mnaijua, watoto wametolewa na mablanketi yao moja kwa moja garini. Saa 12 na nusu tuko Kisongo kwenye sheli, magari yote tisa yamefika, watu 37. Land Cruiser tatu, moja ni mkonga wa zamani kweli kweli, Land Rover tatu, Prado mbili na gari moja la kisasa la otomatiki la familia mpya, ndo yenye yule mtoto wa miezi minane. Tukasali kwa ufupi, Waislamu na Wakristo pamoja, kisha kiongozi akarudia ile sheria kubwa ya msafara ambayo naipenda kuliko zote: gari la nyuma yako ni lako. Kila dereva anamwangalia wa nyuma yake kwenye kioo, ukifika kona au njia panda usipomuona unasimama mpaka umuone. Wote wakifanya hivyo hakuna anayepotea, maana aliye mbele akikuta kioo kitupu atasimama, na wa mbele yake nae atasimama, msafara mzima unajifunga breki wenyewe bila hata redio.

Kutoka Arusha lami mpaka Makuyuni ni kama kilometa 80, tulienda taratibu, jua linachomoza nyuma yetu na Mlima Monduli upande wa kulia una kofia ya mawingu. Makuyuni tukachimba dawa, chai, tukakata kulia. Kilometa nyingine 37 hivi mpaka Mto wa Mbu, na hapo joto likaanza, makoti yakavuliwa yote kwa pamoja.

Mto wa Mbu saa 3. Huu mji naupenda sana, umekaa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, maji yanatoka kwenye ukuta yanaingia mashambani, mpunga, migomba, na watu wa kila kabila Tanzania hii unawakuta. Tulinunua ndizi nyekundu mikungu miwili, tukajaza mafuta maana mbele huko usitegemee, halafu tukapaki pembeni kupunguza upepo. Kwenye lami tulikuwa psi 36, tukashusha mpaka 26. Watoto wakubwa walifundishwa kushika geji, kila mmoja tairi lake, binti yangu akaandika namba zote 36 za magari tisa kwenye daftari lake. Tairi likilegea kidogo linapata mguu mpana kwenye mchanga, linameza mawe badala ya kuyagonga, na kwa mgongo wa mama mkwe hiyo ilikuwa tofauti kubwa sana. Alisema mwenyewe baada ya dakika kumi, "Mbona limetulia?"

Saa 4 kasoro tukaacha lami kuelekea kaskazini. Ukuta wa Bonde la Ufa uko kushoto kwako njia nzima, kulia ni mbuga wazi mpaka macho yanachoka. Tukawasha taa zote, tukaachiana nafasi kubwa ili vumbi litue, sisi wa mwisho ndo tunakula la wote. Nilimwonea huruma mama, kajifunga kitenge puani, lakini kila nikimtazama anaangalia nje. Watoto nyuma wanahesabu twiga, walifika 14 kabla ya Selela, pundamilia wakaacha kuwahesabu, mbuni wawili wakakimbia sambamba na sisi mpaka mwanangu mdogo akapiga kelele nikadhani kaumia.

Kwenye redio kiongozi alikumbusha jambo ambalo tulikubaliana Alhamisi, kwamba tukipita karibu na maboma hakuna kurusha pipi wala hela dirishani, na hakuna kupiga mtu picha bila kumwomba. Watoto wa kule wanakimbilia magari kwa sababu magari yamewazoesha, siku moja mtoto atateleza chini ya tairi. Mkitaka kuwasalimia simameni, shukeni, salimianeni kama watu. Tulifanya hivyo mara moja, pale ambapo wamama walikuwa wanachota maji, dakika kumi na tano hivi, watoto wetu na wao wakaucheza ule mpira.

Saa 5 tukafika kwenye korongo lililotusimamisha. Kuna makorongo mengi njia hii, mengi mwezi huu ni makavu, ila hili lilikuwa na mchanga mzito na katikati unyevu wa masika bado haujaisha. Kabla gari halijaingia kiongozi na baba watoto walivua viatu wakatembea ng'ambo na kurudi. Hiyo ni lazima. Na jambo la pili lazima, unaangalia juu kule milimani. Maji ya makorongo haya yanatoka nyanda za juu za Ngorongoro, mvua inaweza kunyesha kule juu wewe huku chini jua kali linawaka huna habari, maji yanashuka kwa mkupuo na magogo na mawe yake. Ndo maana hatupaki kwenye korongo hata kwa picha, hata kama kuna kivuli kizuri, na watoto walikatazwa kucheza humo. Mbingu ilikuwa safi kila upande, tukaanza kuvuka moja moja.

Magari sita yakapita. La saba, lile la otomatiki, dereva alishikwa na wasiwasi katikati akaachia mafuta, likazama matairi ya nyuma mpaka kwenye rimu. Alikanyaga tena mara moja akaambiwa kwenye redio acha kaka, hapo hapo, zima. Mkewe akashuka na mtoto mgongoni, mikono inamtetemeka. Nikaenda kumpokea yule mtoto nikampeleka kwa mama mkwe, na mama akamlaza mapajani akaanza kumpepea na kofia, basi lile jambo likawa jepesi kuanzia hapo.

Sasa kuvuta gari. Watoto wote ng'ambo kwenye kingo, mbali, urefu wa kamba mara mbili na zaidi, nyuma ya magari yaliyokwisha vuka. Tulichimba kwa sepetu mbele ya kila tairi mpaka ukapatikana mteremko, tukashusha upepo mpaka 18, tukalaza mbao mbili. Kamba ikafungwa kwenye pete za chasisi pande zote mbili. Baba watoto aliwaita wale madereva wapya wanne waje waone kwa macho, kwamba ile bola ya kuvutia trela haifungwi kamba hata siku moja, ikikatika inaruka kama risasi na imeshaua watu sehemu nyingi duniani. Blanketi zito likatupwa katikati ya kamba ili ikikatika iangukie chini. Mkonga ukaweka gia ndogo, ukavuta polepole, dereva wa chini kaingiza gia ya kwanza anasaidia kidogo kidogo, gari likatoka kama jino la mtoto. Dakika 35 zote kwa pamoja. Yule kaka alikuwa anaomba radhi kila mtu, mzee mmoja wa klabu akamshika bega akamwambia mwanangu, sisi wote tumechimbwa.

Engaruka tukaingia saa 6 na nusu badala ya saa 5 na nusu. Tukalipa ushuru getini, tukapewa stakabadhi, na kijana wa pale wa Kimaasai ndo akawa mwongozaji wetu. Alivyomuona mama anashuka kwenye kigoda chake akainama, "Takwenya, yeyo." Mama akaitika "Iko" papo hapo, mi hata sikujua kama anajua.

Magofu yako Engaruka Juu, kwenye miguu ya ukuta ule ule wa Bonde la Ufa. Ukifika bila kuelezwa unaweza kuona ni mawe tu yamezagaa. Simama dakika mbili. Utaona yamepangwa. Vijiji saba vilikuwa kwenye mteremko, kila nyumba imekaa juu ya kitako cha mawe kilichochimbiwa kwenye mlima, na chini yake mashamba yaliyozungushiwa mistari ya mawe na mifereji, eneo la kama kilometa za mraba 20. Watu walikaa hapa kuanzia miaka ya 1400 hivi mpaka 1700 na kitu, wakalima mtama kwa kumwagilia maji ya mito inayoshuka kutoka juu, halafu wakaondoka. Mjerumani Fischer alipita hapa 1883 akaandika kuhusu mawe haya, Louis Leakey alifika 1935, na baada ya hapo wakaja wachimbaji wengi. Wapo wanaosema maji yalipungua, wapo wanaosema ardhi ilichoka. Na waliojenga ni nani, hapo ndo wengine wanawataja Wasonjo ambao mpaka leo wanalima kwa mifereji kaskazini huko, wengine wanawataja mababu wa Wairaqw.

Mwongozaji alipofika kwenye neno Wairaqw watoto wangu wote wawili wakageuka kumtazama bibi yao.

Alikuwa hatusikilizi. Alikuwa kapiga magoti pembeni ya zizi dogo la mawe, kaweka kiganja kwenye ukuta. Kijana akamwelezea kwamba wataalamu wanaona ng'ombe walifungiwa humu ndani wakaletewa majani, samadi ikabebwa kwenda shambani. Mama akasema, "Najua." Akakaa chini kabisa, na sisi tukakaa. Akawaambia wajukuu kwamba yeye alivyokuwa msichana Kainam walilala na ng'ombe nyumba moja, ng'ombe upande wao watu upande wao, na kila asubuhi kabla ya chochote yeye na dada zake walibeba samadi kwenye vikapu mpaka shambani mlimani, kwa sababu ardhi kule ni ndogo na mteremko ni mkali, usipoilisha haikulishi. Alieleza jinsi baba yake alivyokuwa anageuza udongo kufuata mlima ili mvua isiuteremshe. Anaonyesha kwa mikono kwenye vumbi la Engaruka. Familia nyingine zikaanza kusogea, mwongozaji nae kachuchumaa, anauliza maswali, mama anajibu, ikawa yeye ndo mwongozaji. Binti yangu aliandika kurasa tatu. Mi nimeolewa kwenye hii familia miaka 13 na hizo habari za vikapu nilikuwa sijawahi kuzisikia.

Chakula tulikula saa 8 na nusu chini ya miti karibu na mto. Mto Engaruka una maji mwaka mzima, wakulima wa leo nao wanamwagilia mahindi, maharage na mboga kwa mifereji ya udongo. Makande yaliisha yote. Vijana walitazama kaskazini kwenye mlima Kerimasi na wakaanza tena habari za kwenda mbele, maana nyuma yake ndo kuna Oldoinyo Lengai, mita 2,962, na watoto walitaka kujua habari zake. Baba watoto akawasimulia, volkano pekee duniani inayotema ile lava nyeusi yenye magadi, ina joto kama nusu tu ya lava za milima mingine, na ikikaa hewani inageuka nyeupe. Mi nikakumbuka Julai 2007 ardhi ilivyotetemeka mpaka Arusha mjini, tulitoka nje na nguo za kulalia, mlima ukalipuka baadae mwaka huo huo. Macho yao yakawa makubwa. Lakini kiongozi alitazama saa, akatazama wale wazazi wa mtoto wa miezi minane, akasema tunarudi. Nilimheshimu sana. Takataka zote tukaweka kwenye mifuko, tukahesabu watu, 37, tukaondoka saa 9 na dakika 40.

Kurudi korongo lilivukwa na wote bila kunasa, na yule kaka wa otomatiki alipofika ng'ambo magari yote yakapiga honi. Mto wa Mbu saa 11 na nusu, kompresa mbili zikafanya kazi, upepo ukarudi 36. Usifike kwenye lami ukakimbia na tairi laini, linachemka na linapasuka. Mwanangu mdogo alitapika mara moja Makuyuni, ndizi tano zilikuwa nyingi. Giza likatukuta kabla ya Kisongo, taa tisa kwenye mstari, na redioni kila gari likawa linaaga likikata kona yake. Sisi wa mwisho tulizima injini nyumbani saa 3 kasoro robo.

Jumapili

Kanisani ibada ya pili, ya kwanza hatukuiweza. Mchana gari limeoshwa, maji ya kwanza yalitoka kama uji wa ulezi. Nimepuliza ea klina, nimeangalia chini, bushi moja ya shokabu ya nyuma kulia imeisha, hiyo ni ya wiki hii. Kamba zimeoshwa zimeanikwa kivulini, usizianike juani zinaoza.

Mama mgongo unauma kidogo lakini kashinda kwenye simu na kaka yake aliyeko Mbulu, wanaongea Kiiraqw tu, mi naambulia neno "Engaruka" na naona mkono wake mwingine unapanga mawe hewani. Karibu saa nzima. Halafu akamwita binti yangu alete daftari, akamsomea mjomba zile kurasa.

Jioni nafua nguo nikakuta kitu kizito kwenye kaptula ya mdogo. Jiwe, bapa, la ukubwa wa kiganja chake. Mwongozaji alisema wazi hakuna kuondoa hata moja. Nilimwita, akaanza kulia kabla sijasema, akasema alitaka bibi awe nalo. Nikampeleka kwa bibi yake. Mama kalishika muda mrefu, kaligeuza pande zote, kalifuta vumbi kwa kitenge. Akamwambia, "Asante mume wangu. Lakini hili lina ndugu zake kule."

Limefungwa kwenye gazeti, liko kwenye droo ya dashibodi ya 110. Nimeshampigia kiongozi wa msafara, kasema safari ya Agosti ilikuwa haijapangiwa sehemu.